Mkoromo wa Mjomba

Juzi, kwenye maktaba ya Reynoldsburg, niliona kisanduku ukutani chenye dawa ya kupuliza puani, ya kumzindua mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Nikasikia tena mkoromo wa mjomba.

Nilipokuwa mtoto tuliishi Okolona, ambako wakubwa walifanya kazi ghalani usiku, na mchana sisi watoto tulinong'ona. Siku ile sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilinukia nyumba nzima. "Bon, munyamaze, mujomba analala," mama alituambia, akateremka kufua nguo.

Mjomba alikuwa kwenye kochi, bado amevaa viatu. Alikoroma kama maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Sikujua kwamba vile vidonge vya maumivu ya mgongo alivyopewa na rafiki vilikuwa vinamkata pumzi. Nilizima televisheni. Midomo yake iligeuka zambarau. Nikadhani ni baridi, nikamfunika blanketi. Mkoromo ulipokoma nilifurahi: sasa amelala vizuri.

Mama alirudi, akamgusa shavu. Kapu la nguo likamponyoka.

"Alinyamaza tangu saa ngapi?" aliniuliza.

Siku hizi mume wangu naye hufanya kazi usiku. Akikoroma mchana, namwamsha. Hukasirika sana. Namwacha akasirike, mradi amejibu.