Ubao wa Patasi

Mume wangu alianza kupoteza macho kutoka pembeni, na mwanzoni hatukujua. Aligonga bega kwenye mlango wa karakana yetu ya useremala hapa Kitengela, mlango alioutengeneza mwenyewe, akalaumu vumbi. Kisha akaanza kupapasa mezani akitafuta patasi iliyokuwa mbele yake. Alipojikwaa kwenye mbao iliyolala sakafuni na kuanguka kifudifudi, ndipo akakubali nimpeleke hospitali Kajiado. Daktari alituambia ni presha ya macho. Kilichokwisha kuondoka hakirudi, alisema, na dawa ya matone ingejaribu tu kuchelewesha kilichobaki. Haikuchelewesha sana.

Mimi kazi yangu ilikuwa msasa na vanishi. Vifaa vya kukata vilikuwa vyake, na alivitupa vyote kwenye sanduku moja chini ya meza: patasi, visu, keekee za drili, vyuma vya randa. Zamani mkono ulivipata kwa sababu jicho lilitangulia. Sasa mkono ulikwenda peke yake. Alikuwa akirudi nyumbani vidole vimefungwa vitambaa, na watoto wakaacha kuuliza.

Nikamwomba aache kazi.

"Nikiacha nitakuwa nani, mama?" akasema.

Asubuhi iliyofuata nililimwaga lile sanduku mezani.

Nilichukua ubao mnene wa saiprasi, yeye akanielekeza jinsi ya kuutoboa. Kila patasi ilipata shimo lake, makali yakizama ndani ya mbao, mpini tu ukibaki nje. Nyembamba zilikaa kushoto, pana kulia, na katikati ya moja na nyingine niliacha nafasi ya kupitisha vidole. Mipini ya zile nyembamba niliizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, ya zile pana nikaizungushia kamba ya katani, ya katikati nikaiacha wazi. Keekee za drili nilizisimamisha kwenye gogo lenye matundu, ncha chini. Kila chuma cha randa nilikishonea mfuko kutoka kwa suruali zilizochakaa.

Nilipomaliza nilifumba macho nijaribu mwenyewe. Niligusa mpini wa kwanza na wa pili, halafu hofu ikanishika nikafumbua. Yeye alikuwa amesimama kando yangu akinisikiliza, na hakuwa na la kufumbua.

Alijifunza haraka. Sheria ilikuwa moja, kwamba kifaa kisichokuwa mkononi kiko mahali pake. Jirani yetu mchomeleaji, Mmaasai wa Oltepesi, alipokuja kuazima keekee aliambiwa airudishe kwenye tundu lake, si karibu na tundu lake. Tangu hapo alikuwa akisimama mlangoni, anasalimu kwa Kimaasai, "Sopa", kisha anataja aliposimama, ili mume wangu asigeuke ghafla na patasi mkononi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Lakini wateja si jirani. Siku moja mama wa mtaa wa nyuma alikuja akitaka kabati la vyombo. Alimkuta mume wangu akipitisha vidole juu ya ubao, mpini kwa mpini, kichwa kimeelekea dirishani. Yule mama akaninong'oneza mimi, kana kwamba mume wangu hasikii, kuwa atapitia siku nyingine.

"Ameenda?" mume wangu akauliza.

"Amesema atarudi."

"Hatarudi," akasema, akaendelea kukata.

Wengine nao wakafanya kama yeye, ikabaki kazi ya stuli za jikoni.

Ilikuwa kiangazi, upepo ukipiga mabati hadi mtu akashindwa kumsikia mwenzake akiongea. Alikuwa akichimba tundu la mguu wa stuli. Mikono yote miwili ilihitajika kugeuza mbao, kwa hiyo akaiweka patasi ukingoni mwa meza, mara moja tu. Patasi ikabingirika. Katika kelele zote zile aliisikia. Fundi mwenye macho huruka nyuma patasi inapoanguka. Yeye aliinama akaidaka, na akaidaka upande wa makali.

Mchomeleaji ndiye aliyetupeleka Kajiado kwa pikapu ya rafiki yake. Njiani nilikuwa nimemfunga mkono kwa leso yangu, nao ukawa mzito mapajani mwangu. Nilimuuliza kwa nini hakuiacha ianguke.

"Ikianguka chini siipati tena," akasema. "Sikutaka ipotee."

Walimshona vizuri, lakini mishipa inayokunja vidole haikushika. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilibaki vimenyooka. Alijaribu kushika mpini kwa vilivyobaki, akajaribu wiki baada ya wiki, na siku moja mwenyewe akaniambia nitafute mnunuzi wa patasi.

Alikuja fundi kijana kutoka Isinya. Mume wangu alizitoa patasi moja moja, akapapasa ubapa wa kila moja kwa kidole gumba, akamweleza ipi inashika makali na ipi inataka subira kwenye jiwe la kunolea. Yule kijana aliitikia kwa adabu. Ubao hakuutaka, alisema ni mzito kwa pikipiki. Akazimimina patasi zote ndani ya gunia moja, akalitupa begani, na chuma kikagongana na chuma hadi barabarani.

Mume wangu aligeuza uso kuifuata ile sauti. "Mwambie azitenganishe," akasema.

Nilikimbia. Pikipiki ilikuwa imeshaingia barabara ya Namanga. Niliporudi hakuniuliza kama nimemfikia.

Karakana sasa ni duka la mitungi ya gesi. Asubuhi namtoa nje akae juani ukutani, na mchomeleaji akipita bado husema "Sopa", kisha hutaja aliposimama.