Maji ya Kumzunguka Samaki

Nilipomaliza chuo nilirudi mjini Baraka na diploma yangu, nikakaa kwa mama mdogo nikisubiri majibu ya barua za kazi. Yeye alikuwa ameshona samaki mkubwa wa sufu nyekundu kwenye kipande cha gunia la kahawa lililofuliwa. Katika ukoo wao binti haendi kwa mume bila kitambaa kilichoshonwa na mama yake, na binti yake, dada yangu, alikuwa anaolewa kijijini Swima. Samaki alikamilika kabla macho ya mama mdogo hayajazibwa na mtoto wa jicho. Yalibaki maji, yaani nafasi yote tupu iliyomzunguka.

"We uko na macho," aliniambia. "Unijazie maji. Lakini ibakie kitambaa yangu."

Maneno hayo ya mwisho niliyafikiria siku mbili. Maji ya mshono mmoja wa kulala, ule bapa usioinuka juu ya kitambaa, yangeonyesha kwamba nimefanya haraka, au kwamba sikujali. Nikatafuta mishono mingine kwenye simu. Nikajifunza wa msalaba, wa vifundo, wa kusuka kama mkeka, na kila mmoja niliupa sababu: vifundo ni povu, mkeka ni maji yaliyotulia. Nilichora kwenye daftari, nikafuta. Nilishona, nikafumua, nikashona tena, wiki tatu. Mwishoni niliona kazi imekuwa nzuri.

Mama mdogo alikitandaza magotini, akapitisha vidole polepole toka pembe moja hadi nyingine. Akarudia.

"Samaki iko wapi?"

"Iko katikati, mama mudogo."

"Weye unaiona na macho. Mi naitafuta na mukono. Hapa iko shamba ya mihogo tu, matuta na matuta."

Dada alikuwa mlangoni akichambua ndagala, dagaa wa ziwani. "Alitaka kushona yote yenye alisoma," alisema. "Ata muvuvi hawezi kuipata hiyo samaki."

Niligusa. Vifundo vyangu vilisimama juu kuliko mgongo wa samaki.

Mama mdogo aliniagiza nifumue upana wa vidole viwili kumzunguka samaki mzima, kisha akaomba sindano. Mimi nilimtungia uzi. Alishona mshono wa kulala, akihesabu matundu ya gunia kwa ukucha. Mahali pengine aliruka tundu, pengine mshono ulikwenda upande. Niliamua kupanyoosha akiwa hayupo.

Jumapili nilisingizia kichwa, wao wakaenda kanisani. Nilikaa na kitambaa na sindano, nikachagua mshono wa kuanza kufumua, nikabadili, nikachagua mwingine. Kisha nikafunga macho na kupapasa kama yeye. Samaki alikuwepo, kuanzia mdomo mpaka mkia. Nikarudisha sindano kwenye kopo.

Siku ya kumtoa dada, shangazi wa bwana harusi alikikagua kitambaa mbele ya bamama wote. Alisifu vifundo, akasifu mkeka. Kidole chake kikafika kando ya samaki, kikasimama.

"Hapa mukono ilichoka," alisema.

Niliangalia chini. Nilikuwa na jibu refu, na lingine la akiba.

"Apana," alisema mama mdogo. "Hapo ndiyo mimi."

Shangazi alipapasa tena mahali pale. Kisha akakikunja kitambaa, samaki akiwa ndani, akakiweka juu ya masufuria ya dada.