Kabla ya Kuhamia Mji wa Soko, Muulize Bibi

Mama yako akikwambia mnahama London kwenda mji mdogo wa Kiingereza, ule wenye uwanja katikati na soko la siku moja kwa wiki, watu watakushauri mengi na karibu yote ni porojo. Watakwambia ununue viatu vya matope. Watakwambia basi la mwisho huondoka jua likiwa bado linafikiria kuzama. Mwalimu wangu wa jiografia aliniambia hewa ya huko ni safi, kana kwamba mimi niliwahi kumlalamikia kuhusu hewa. Hakuna hata mmoja aliyenidokeza kuwa swali la kwanza ni nani atakuosha ukifa. Hilo aliliuliza bibi yangu, na aliliuliza mbele ya wakala wa nyumba, na mkalimani nilikuwa mimi.

Tulikuwa tunaishi Walthamstow, mimi, mama, mdogo wangu wa kike, na Bibi, yaani mama yake mama, kwenye fleti iliyo juu ya duka la fundi simu. Mwenye nyumba akaamua kuiuza. Mama anatunza wazee kwa kazi, zamu za usiku, na ule mji ulikuwa na nyumba ya wazee iliyomtaka na nyumba za kupanga ambazo bei zake hazikutishi. Hesabu hiyo hata mimi, ninayefeli hesabu kwa bidii zote, niliielewa. Ila ilikuwa na tundu moja. Mama akiwa zamu, anayebaki na mdogo wangu ni Bibi. Mimi sihesabiwi, kwa sababu niliachiwa siku moja na nikamfundisha kuteleza ngazini kwa sinia. Kwa hiyo Bibi asipokwenda, mama hawezi ile kazi, na bila ile kazi hatuna pa kwenda. Wote tulijua. Bibi alijua kuliko sote.

Mimi na Bibi ni watani. Yeye huniita mume wangu, mimi humwita mke mkubwa, na humuuliza mahari yake nilimlipa nani maana sikumbuki. Kwetu Mombasa mjukuu ana ruhusa ya kumtania bibi yake mpaka kuhusu kaburi, na mimi ruhusa hiyo naitumia yote, sibakishi.

Na Bibi ana kazi inayostahili utani. Akifa mwanamke wa kwetu, kuanzia Walthamstow mpaka Ilford, simu inayolia ni ya Bibi. Wako wachache: yeye, mama mmoja wa Lamu, na Mhindi mmoja mzaliwa wa Kisumu mwenye duka la vitambaa, ambaye Kiswahili chake kinanitia aibu. Huingia chumba cha nyuma cha msikiti, wakamwosha marehemu, wakamvisha sanda, wakatoka, wakanywa chai. Bibi hurudi nyumbani akinuka kafuri na hasemi neno. Alichokiona mle ndani kinabaki mle ndani. Nilizoea kumwambia, "Mke wangu, hongera, umepata kazi ambayo wateja hawalalamiki." Naye hunijibu kwamba bahati yangu mimi ni mwanamume, nitapelekwa kwa waosha wanaume, la sivyo angenisugua mpaka nifufuke.

Shuleni walitufundisha methali ile, mwosha huoshwa, tuandike maana yake tupate alama. Bibi haichukulii kama methali. Anaichukulia kama ahadi. Kila mwanamke anayemwosha ni kama anatia mchango wake, na siku yake ikifika mikono ile ile itamgeukia. Ni chama cha akina mama kama vyama vingine, tofauti ni kwamba zamu yako ikifika hujui kama imefika.

Basi ilikuwa Jumamosi moja ya Februari. Tukapanda treni Stratford, sote wanne, kwenda kuona nyumba. Bibi alikuwa na kile kikapu chake cha magurudumu, maana aliambiwa ni mji wa soko, na yeye haendi sokoni mikono mitupu. Njia nzima ilikuwa mashamba yenye maji na farasi waliovalishwa makoti. Bibi aliwatazama wale farasi kwa muda mrefu. Akasema nchi hii farasi ana koti na mjukuu wake anatembea kifua wazi kwa ajili ya urembo. Alikuwa anamaanisha mimi na jaketi langu lisilofungwa. Huo ndio utani wa mwisho alioufanya siku hiyo, na sikujua kama niuhifadhi.

Soko halikuwapo. Wanauza Alhamisi. Siku nyingine uwanja ule ni wa kuegesha magari, na siku ile hata magari yalikuwa machache. Mvua ilikuwa ile isiyonyesha wala kuacha. Bibi akasimama na kikapu chake akiutazama uwanja kama mtu aliyechelewa karamu anavyotazama sufuria. Pembeni kulikuwa na duka la nyuzi za sufu, duka la keki, na maduka matatu ya mitumba yaliyopangana. Nikamweleza kuwa yale maduka huuza vitu vya watu waliokufa, watoto wao huvileta kwa magunia.

"Kumbe wanakufa," akasema Bibi.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kutazama dirishani, kwenye koti la kike la kijani, limepigwa pasi vizuri.

Nyumba yenyewe ilikuwa mwisho wa mtaa wa matofali mekundu. Mzee mmoja wa kike wa nyumba ya pili alikuwa nje akipunguza kwa mkasi vichaka vya ua wake. Akatusalimia. Hili nikwambie kabisa: kule wanasalimia. Watakusalimia na mbwa wao watamsimamisha akusalimie. Mama akaitikia, nami nikaitikia, na ingeishia hapo, lakini Bibi akasalimiwa, na Bibi akisalimiwa hujibu. Akamuuliza hali yake. Akamuuliza watu wa nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, wajukuu je, na miguu haimsumbui kwa baridi hii? Nikatafsiri yote, neno kwa neno, kwa raha zangu, maana uso wa yule mama ulikuwa unabadilika kila swali kama taa za barabarani. Akasema yuko salama, asante. Akatazama juu, akasema mvua itazidi. Kisha akafunga mkasi wake, akaingia ndani.

Bibi akabaki amesimama kwenye lango lake. Mama akamgusa mkono kwamba twende, wakala anasubiri. Bibi akasema tungoje kidogo, si vizuri mtu aende kukufungulia mlango wa mbele akukaribishe, akute umeondoka.

Tukangoja. Mdogo wangu akauliza kwa Kiingereza tunangoja nini, na mama akamnyamazisha. Ndani, pazia likavutwa. Bibi akaliona. Akakigeuza kikapu chake akatembea.

Wakala alikuwa kijana mwenye suruali iliyombana mpaka nikamwonea huruma. Akatuonyesha jiko, ghala, bustani yenye bembea iliyooza ambayo mdogo wangu aliipenda hapo hapo. Ilikuwa nyumba nzuri, nisiseme uongo. Chumba changu kingekuwa changu peke yangu. Mama alikuwa anafungua makabati na kuyafunga taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa asichojua kama ataweza kukinunua. Juu, kwenye chumba ambacho kingekuwa cha Bibi, wakala akafungua pazia akatuonyesha kanisa la mawe, na makaburi yake yaliyoota nyasi. Akasema watu hulipa zaidi kwa mandhari kama ile.

Bibi akatazama. "Muulize, yetu yako wapi?"

"Yetu nini?"

"Makaburi. Usijifanye."

Nikauliza. Kijana akacheka kwanza, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akatoa simu, akatafuta, akasema labda kwenye jiji kubwa la karibu, kwa gari si mbali sana. Sisi hatuna gari. Nikamtafsiria Bibi.

"Na msikiti?"

Huko huko, labda.

"Na muulize, mwanamke Mwislamu akifa hapa, nani anamwosha?"

Mama akasema, "Mama, jamani. Huyu ni wa nyumba."

"Nami namuuliza mambo ya nyumba."

Ningeweza kutafsiri kitu kingine. Darasani nimewahi kuwatafsiria wazazi wa rafiki zangu ripoti nzima ikatoka na sifa tupu. Lakini Bibi alikuwa ananitazama mdomoni. Nikauliza kama lilivyo. Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema kuna kampuni ya mazishi pale uwanjani, watu wazuri sana, walimshughulikia babu yake. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama mama huyu ni mgonjwa. Hilo sikulitafsiri, na Bibi hakuniuliza alichosema.

Kurudi, ndani ya treni, nilijaribu. Nikamwambia mke wangu usijali, wewe hutakufa, malaika mtoa roho atalikimbilia lile basi la mwisho na litamwacha kituoni. Siku nyingine angenipiga konzi. Siku ile alinipigapiga goti, kama anayembembeleza mtoto wa jirani.

Jumapili aliwatembelea wenzake, mama wa Lamu na yule wa vitambaa. Alirudi na mfuko mweusi, akauweka chini ya kitanda. Jioni akamwita mama jikoni. Mimi nilikuwa sebuleni nikijifanya nasoma, na ukuta wa fleti yetu haujawahi kuficha siri. Mama alianza kwa kumwambia kuwa mjomba, kaka yake wa Ilford, yuko tayari kumchukua Bibi, watoto wake watabanana. Alilisema haraka haraka, kama dawa chungu. Akasema yeye atatafuta kazi nyingine, zamu za mchana, popote. Bibi akamuuliza popote ndiyo mtaa gani. Kisha Bibi akasema atakuja nasi kwenye ule mji. Hakuomba msikiti wala majirani. Alitaka jambo moja tu.

"Ujue kuniosha."

"Mama, nakuomba."

"Wenzangu watakuja wakipata treni, wakipata gari, wakiwa hai. Wasipopata? Utawaachia wale wa uwanjani wanioshe?"

Mama akasema yeye hawezi. Bibi akamuuliza kwani kazini hawafi? Wanakufa kila wiki, na nani anawafumba macho, nani anawapangusa kabla watoto wao hawajafika? Nilikuwa najua ni mama. Ndiyo maana asubuhi nyingine hurudi akakaa kwenye ngazi na viatu vyake mkononi, haingii.

"Wale ni wagonjwa wangu," mama akasema. "Wewe ni mama yangu."

"Basi ndiyo maana."

Nikasikia mama akifungua bomba. Baada ya muda Bibi akaniita kutoka chumbani kwake. Nikaja nikijivuta kama sikusikia kitu. Alikuwa amekunja zulia la chumbani na kutandika mkeka, mama kasimama mlangoni, na ule mfuko mweusi uko wazi: bakuli, vitambaa vyeupe, pamba, pakiti ya kafuri. Akaniambia nilale chali, nibaki na fulana na suruali, nisilete mchezo. Nikamuuliza kwani mimi ndiye nimekufa?

"Mwaka mzima unaniambia wateja wangu hawalalamiki. Lala tukuone."

Nikalala. Nikamuuliza na mimi kazi yangu itakuwa ipi siku hiyo, maana mwanamume haingii kule. Akasema kazi yangu itakuwa kubeba, na kwamba nianze kula vizuri, jeneza si mkoba wa shule. Kisha akaniwekea kidole mdomoni, akanifumba macho kwa kiganja. Kilikuwa na harufu ya kitunguu na kafuri.

Nikamsikia mama anapiga magoti. Bibi akawa anamwelekeza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, ndiyo labda sauti ya kile chumba cha nyuma. Kwanza funika, hata kama ni wewe na yeye tu. Sema bismillahi. Inua kichwa, usikikokote. Maji yasiwe moto, yasiwe baridi, yapime kwa mkono wako kama ya mtoto. Usimgeuze kama gunia, bado ni mtu, mwambie unachofanya.

"Nimwambie?" mama akauliza.

"Mimi huwaambia."

Kitambaa kikagusa kidole gumba cha mguu na nikajikaza nisicheke, wallahi nilikuwa karibu kupasuka. Bibi akamkemea, si hapo, huanzi miguuni. Kikaja kwenye mkono wangu wa kulia. Maji yakateremka mpaka kwenye kiwiko. Kitambaa kilikwenda mpaka begani kikasimama hapo. Kikakaa sana. Kicheko changu kikaondoka, sijui kilikwenda wapi. Nikafungua jicho moja. Mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Bibi, ambaye alikuwa ameketi upande wa pili akikunja sanda, anailinganisha pembe kwa pembe.

"Mama, siwezi."

Bibi hakuinua macho. "Fumba jicho, we maiti," akaniambia. Kisha akamwambia yeye, "Anza tena."

Nikafumba. Maji yakamiminwa kwenye bakuli. Nikamsikia mama akivuta kamasi, akikamua kitambaa.

"Ninakuosha mkono wa kulia," akasema mama.