Mwanamkasi na Mbuzi Yake

Mke wangu, Mwanamkasi, nilimzika Kaole, mwezi wa Rajabu. Mwezi wa Shaabani watu wakaniambia wamemwona mjini, amekaa, anakuna nazi.

Wa kwanza alikuwa Shamsia, muuza vitumbua wa hapa Dunda.

"Shikamoo, Baba Saida. Usikasirike. Mama Saida yuko kwenye ule ukumbi wa maonyesho."

"Marahaba. Wewe umelala vizuri kweli?"

"Wallahi tena. Hana kichwa, lakini ni yeye."

 Nikachukua nyundo, nikaenda huko ukumbini.

Jamani, mimi niliishia la nne. Sanaa naijua ile ya vinyago na ngoma. Kitu kama kile sikuwahi kukiona. Wamepanga jiko zima la nyumbani, lakini ndoo ina shingo ya mtu. Kinu kina mikono, imekishika kwa ndani kama mtu anataka kutoka. Beseni la kufulia limeota magoti. Vyote vyeupe pee, rangi ya sanda.

Na katikati, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mwanamke mweupe asiye na kichwa.

Nilimjua kwa ukaaji. Wanawake wa huku hukalia mbuzi mgongo wima. Mwanamkasi, mwaka wake wa mwisho, alikaa upande, mkono wa kushoto kauweka mbali na kifua, kama aliyeficha yai kwapani.

Nikanyanyua nyundo.

"Baba, ngoja!" Binti akaja mbio. Alikuwa Mina, msanii mwenyewe. "Huyu mama alikuja kwa miguu yake. Nilitafuta wanawake waniruhusu niwapake plasta mwilini nipate kalibu, ganda la umbo lao, halafu nimimine sanamu. Wenzake walitoa mikono, wengine magoti. Yeye akasema nichukue na kifua. Alisema, 'Kule wamekataa kuangalia. Niweke hapa, waangalie.'"

"Waangalie nini?"

"Tazama, baba."

Nikatazama. Titi la kushoto. Uvimbe umetokeza kama kokwa ya embe chini ya ngozi. Plasta haikuficha kitu.

Zahanati walimwambia ni maziwa yameganda, akakande kwa maji moto. Kila akirudi, ni maziwa. Maziwa! Kitindamimba wetu ni Saida, na Saida kaolewa. Maziwa yatoke wapi?

Nyundo ikawa nzito. Nikaiweka chini.

Ndipo wakaingia wakubwa wa afya na wapiga picha wao. Mgeni rasmi akasoma kibao: "Mwanamkasi na mbuzi yake." Akatabasamu.

"Hapa mmekosea. Ni mbuzi wake. Watu wa pwani, na Kiswahili kimewashinda?"

Jirani yangu Bi Ashatu hakumkawiza. "Anayelia mee ndiye mbuzi wake, baba. Hii ya kukalia ni yake."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkubwa akainama aione hiyo mbuzi, uso wake ukafika usawa wa kifua. Akauona uvimbe.

"Huyu ni nani?"

"Mke wangu," nikasema. "Yule wa zahanati yenu. Yule wa maziwa."

Kicheko kikakatika.

Mkubwa akanivuta pembeni, sauti ya asali. "Pole, mzee wangu. Hii ni kumvunjia marehemu heshima, na dini haitaki. Nyundo unayo. Vunja, hakuna atakayekugusa."

Nilikuja kuvunja, sasa natumwa kuvunja.

"Sivunji."

Bado anatabasamu. "Fikiria vizuri. Wewe unaishi hapa hapa."

Kesho yake nikakuta mbuzi imebaki peke yake, na vumbi jeupe sakafuni. Mlinzi anasema alitumwa soda. Na nani? Hakumbuki.

Mke wangu alisubiri miezi, hakuguswa. Sanamu lake lilishughulikiwa siku ile ile. Kumbe wakitaka wanaweza.

Nikakaa kwenye lile vumbi nikalia. Mina akanishika bega.

"Baba, wamevunja sanamu tu. Kalibu liko kwangu Mbegani."

Sasa Mwanamkasi amekaa barazani kwangu. Njia ya zahanati inapita hapo hapo. Kuna gari hupita polepole, vioo vimepandishwa, halisimami. Namba zake sizioni, zimepakwa tope, na mvua haijanyesha.

Wanaosimama ni wanawake. Wanaangalia, wanajipapasa chini ya kanga, wanaondoka bila kuaga.

Juzi Arafa, mke wa muuza mkaa, alisimama sana. Akaniuliza taratibu, "Baba Saida, hii ya mwenzangu ilikuwa inauma?"

"Mwanzoni haikuuma."

Akakaa chini.

Dada zangu mnaosoma hapa, ukiambiwa ni maziwa na hunyonyeshi, usirudi nyumbani kukanda. Nenda mbele, nenda hospitali kubwa, gombana nao ikibidi. Wao hawana haraka. Hicho kitu kina haraka.