Herufi Iliyoliwa na Asidi

Kifaa nilikirithi pamoja na somo. Mwalimu wa kemia aliyenitangulia katika shule yetu, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, alikiunda kwa mikono yake kabla hajafariki: chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kupinduliwa, vijiti viwili vya kaboni kutoka kwenye mapile, betri kavu za redio, mirija miwili ya kunasa gesi, na galvanometa kuukuu ya kupimia umeme, ambayo mshale wake hupumzika katikati. Vyote alivifunga juu ya ubao. Kwenye ubao aliandika neno moja kwa wino, na asidi ya betri ikatoboa mwanzo wake. Limebaki TARUDIA.

Kwetu, kurudia ni kurudi. Wanafunzi walikuwa wameshaliziba tundu kwa midomo yao: ATARUDIA. Yeye, mwalimu.

Binti yake alikuwa darasa la mwisho. Tangu mazishi hakukanyaga laboratwari. Siku hiyo aliingia, akakaa mbele kabisa, kwa kuwa nilitangaza kwamba nitaonyesha hakuna mzimu. Nilikuwa na digrii mpya na kiburi chake.

Nikamimina maji yenye asidi kwenye chupa, nikaunganisha betri ya pikipiki. Mapovu yakapanda, mshale ukalala kulia. Kisha nikaondoa betri, nikagusanisha nyaya mbili tupu. Mshale ukavuka katikati taratibu, ukaenda kushoto, ukabaki pale unatetemeka.

"Iko anavuta!" mmoja akapiga kelele nyuma. "Prof, kimbia, mwenye kiti anataka kiti yake!"

Walicheka, ila nusu yao walikuwa wameshasimama.

Nikaeleza: gesi iliyoganda kwenye vijiti inarudisha umeme iliopewa, kwa njia ya kinyume, halafu inakwisha. Kweli, mshale ulirudi katikati.

"Aliandika ITARUDIA," nikasema. "Ni courant, umeme tu. Hakuna muntu."

Wenzake walipotoka, binti alibaki.

"Prof, uko na hakika? I ao A?"

"I."

Akalaza kidole juu ya tundu. Pembeni pakabaki nafasi.

"I ni nyembamba, prof. Hapa zilikuwa mbili. N na I. NITARUDIA."

Nikamwambia asidi hula inavyotaka, haipimi upana wa herufi. Hilo ni kweli hadi leo.

"Basi andika wewe I pembeni," akasema, akinipa biki, kalamu yake. "Nikiiona, nitaacha kumungoja."

Nikainama. Maji nilikuwa nimeshayamwaga, vijiti vimekauka, nyaya zimetengana, hakuna kilichogusa kitu. Mshale ulikuwa umelala kushoto, kwa upana wa unywele. Springi imechoka, nikajiambia. Nikagonga kioo kwa kucha. Haukusogea. Nikagonga tena.

Binti hakuutazama mshale. Alikuwa akinitazama mimi.

Nikamrudishia biki. Tangu hapo hakosi somo, na kila akiingia husoma ubao kwanza, midomo ikitembea bila sauti.