Siku Tatu za Laini Tupu

Nilipoanza kusomea shahada ya uzamili, nyaya za baharini zilikuwa bado hazijafika Mombasa, na karibu intaneti yote ya Nairobi ilikuwa inatoka angani. Makampuni yalikodi nafasi kwenye setilaiti, yakaikata vipande vyembamba, yakawauzia watu. Ukiingia saiba, yaani duka la intaneti, mjini, unabonyeza barua pepe ifunguke, unasoma gazeti la jirani yako ukurasa mzima, unainua macho, na barua bado. Kila uliyemuuliza alikuwa na maelezo yale yale: laini ni nyembamba. Hata mimi niliamini hivyo. Utafiti wangu ulikusudiwa kuonyesha tu wembamba huo ulivyotuumiza.

Nilikuwa naishi Woodley na baba yangu, karani mstaafu wa baraza la jiji. Kutoka kwetu hadi Adams Arcade ni mwendo mfupi kwa miguu, na pale palikuwa na saiba ya kompyuta kumi iliyoendeshwa na mama mmoja wa Kihindi pamoja na mumewe. Mama huyo alikuwa amezaliwa hapa hapa, akasomea hapa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi kama changu. Nilimwomba ruhusa ya kuweka kompyuta kuukuu chini ya kaunta yake, kati ya modemu na mashine za wateja, ili ihesabu kila kinachopita. Alifikiri kidogo, akaniambia, "Unaweza kupima. Lakini usisome barua ya mtu."

Nikamwahidi, na ahadi hiyo niliitimiza.

Wateja wake wakubwa hawakuwa vijana. Walikuwa wazazi wa Woodley na Kilimani waliokuja kupigia simu kwa kompyuta watoto waliokuwa ng'ambo. Walivaa vizuri kama wanaokwenda kanisani, wakakaa mbele ya kioo, na sauti ikawa inakuja vipande vipande. Mzee mmoja, mwalimu mkuu wa zamani, alikuwa akimuuliza binti yake swali, ananyamaza, anadhani amepuuzwa, anauliza tena kwa ukali, na wakati huo huo jibu la kwanza ndilo linafika. Walikuwa wanagombana kwa sababu ya ucheleweshaji wa sekunde chache. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta nikiwa na madaftari yangu na kuandika saa, idadi ya watu na walichokuwa wanafanya.

Baada ya miezi minne hivi niliona jambo ambalo sikulitarajia. Kwa vipimo vyangu, laini ilitosha simu zile. Shida ilikuwa foleni. Kila ujumbe hukatwa kuwa pakiti ndogo ndogo, na kampuni iliyotuuzia intaneti ilikuwa na mitambo yenye kumbukumbu kubwa ili pakiti yoyote isipotee. Walijivunia hivyo. Kumbe ilikuwa kama zahanati isiyokubali kumrudisha mgonjwa yeyote nyumbani: wote wanaingia, wanaketi, wanasubiri, na mwenye kikohozi kidogo anakaa nyuma ya watu mia. Mbaya zaidi, aliyesubiri sana anadhani jina lake limerukwa, anakwenda kujiandikisha tena, na foleni inazidi. Kompyuta zetu zilikuwa zinafanya hivyo hivyo, zikituma tena kile ambacho hakijapotea.

Nikaipanga ile kompyuta ya chini ya kaunta ipokee polepole kidogo kuliko uwezo wa laini, ili foleni ijipange kwangu ninapoweza kuisimamia. Pakiti za sauti zikatangulizwa. Foleni ikianza kurefuka, mashine ilitupa pakiti chache mapema, na kompyuta zilizokuwa zinatuma zikashika adabu na kupunguza kasi. Nilifanya hivyo Jumanne moja asubuhi bila kumwambia mtu. Saa nne yule mwalimu mkuu akaja, akapiga simu, wakaongea. Hakugombana. Alipomaliza alimwambia mama mwenye duka kwamba leo mtoto wake amekuwa na heshima.

Yule mama alinitazama. "Umefanya nini?" akauliza. Nikamweleza. Aliniomba nirudie mara mbili, kisha akasema, "Yaani wewe umefupisha foleni, ndiyo laini ikakimbia."

Sijawahi kupata mtu aliyeieleza kazi yangu vizuri kuliko yeye.

Mwezi uliofuata mumewe akafariki, ghafla, akiwa anafunga viatu. Duka likafungwa siku tatu. Kompyuta yangu iliachwa ikiwaka, nayo ikaendelea kupima laini tupu. Niliporudi na kuchora grafu, nilikuta siku tatu za mstari mnyoofu chini kabisa ya karatasi, isipokuwa siku ya pili adhuhuri, ambapo mstari uliinuka kidogo kwa saa moja, ukashuka tena. Sikuelewa, nikamuuliza. Akasema ni yeye. Binti yao alikuwa Kanada na hakuweza kuwahi mazishi. Alifungua mlango nusu, akaingia peke yake, akampigia, na kwa saa nzima sauti haikukatika hata mara moja. Alinieleza hayo huku akipangusa vioo vya kompyuta, bila kunitazama. Kwenye daftari niliandika tarehe na saa tu, kwa sababu mengine hayakuwa yangu.

Msimamizi wangu chuoni alikuwa daktari wa uhandisi, mtu mpole wa sauti ya chini, aliyekuwa akitukumbuka kwa majina hata darasani tukiwa sitini. Nilimheshimu kuliko walimu wote niliowahi kuwa nao. Nilimpelekea matokeo ofisini kwake, jengo la katikati ya jiji ambalo lifti yake haikuwa ikifanya kazi. Alisoma, akatikisa kichwa. Akasema kutupa pakiti ni kutupa mali ya mteja, na hakuna jopo litakaloikubali hoja hiyo kutoka kwa mwanafunzi. Hata hivyo akaniomba nimwachie kila kitu akipime mwenyewe. Nikamwachia faili, diski na madaftari yote sita. Sikubaki na nakala yoyote. Haikunijia akilini kwamba ningehitaji.

Baada ya wiki kadhaa akanishauri nibadilishe mada. Alinipa nyingine, ya kupanga minara ya simu za mkononi, kavu kama maganda ya mahindi. Nikakubali. Nilijilaumu kwa kupoteza muda wake na wa yule mama. Kila nilipouliza kuhusu madaftari, aliniambia yako salama.

Karibu mwaka mzima ulipita. Siku moja nikaona tangazo kwenye ubao wa idara: kutakuwa na mkutano wa makampuni ya intaneti katika hoteli moja mjini, na msimamizi wangu ataeleza njia mpya ya kupunguza foleni katika laini za setilaiti. Nilisoma tangazo hilo nimesimama na mkoba begani. Nilijiambia ni sadfa, kwamba watu wawili wanaweza kufikia wazo moja.

Nilikwenda, nikaketi safu ya nyuma. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa suti, wakurugenzi na mafundi wao. Alianza na mfano wa zahanati. Ulikuwa mfano wangu, kama nilivyouandika daftarini, hata yule mgonjwa wa kikohozi. Kisha akaonyesha grafu ukutani, na nikaiona: siku tatu za mstari mnyoofu, na kile kinundu kidogo adhuhuri ya siku ya pili.

Mtu wa mbele akainua mkono akauliza kinundu kile ni nini. Msimamizi wangu hakusita. Alisema walikuwa wamefunga saiba makusudi kwa siku tatu ili kupima laini ikiwa tupu, na kinundu kilikuwa jaribio lao la kuhakikisha mtambo unapima sawasawa. Watu wakaandika.

Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Mara nyingi nimeirudia dakika ile kichwani, nikiwa nimesimama na kusema maneno mazuri. Ukweli ni kwamba nilibaki kwenye kiti, nikapiga makofi wenzangu walipopiga.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwake. Sikuwa nimepanga cha kusema, nikamuuliza tu kwa nini jina langu halimo.

"Wewe ulikusanya," akasema. "Kukusanya na kugundua ni vitu viwili."

"Daktari, wewe uliniambia wazo halifai."

"Mikononi mwako halikufaa. Nani angekusikiliza?"

Hakusema kwa ubaya. Aliongea kama anayenifundisha, na nadhani ndivyo alivyoamini.

Nililalamika kwa idara. Wakaunda kamati ya watu watatu na kupanga siku ya kunisikiliza. Wakaniuliza nina ushahidi gani. Madaftari alikuwa nayo yeye, na alisema ni kumbukumbu za mradi wake. Nilibakiwa na jambo moja tu: siku zile tatu. Yeye alikuwa amesema mbele ya watu kwamba ni jaribio, na kulikuwa na mtu mmoja Nairobi aliyejua sivyo.

Nilimwendea yule mama nikiwa na aibu, maana nilikuwa naomba kutumia msiba wake. Hakuniacha nimalize. Alitoa karatasi ya duka akaandika barua pale pale kwa Kiingereza kilichonyooka: mumewe alifariki siku gani, alifunga duka siku ngapi, alifungua saa ngapi kumpigia binti yake, na ni msichana gani alikuwa akikaa nyuma ya kaunta yake miezi yote ile. Akasema barua haitoshi, atakuja mwenyewe. Alisema anataka kumwona huyo mtu akirudia mbele yake kwamba lile lilikuwa jaribio.

Siku mbili kabla ya kamati kukutana, msimamizi wangu akaniita nyumbani kwake Muthangari. Mkewe alituletea chai, akanisalimia kwa upole, akatuacha. Kwenye meza palikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba mimi nilikuwa msaidizi wa utafiti, niliyekusanya takwimu kwa maelekezo yake, na kwamba malalamiko yangu yalitokana na kutoelewana. Nikiitia sahihi, tasnifu yangu ya minara ingepelekwa kwa watahini mwezi ule ule. Aidha, kampuni mojawapo kati ya zile zilizokuwa mkutanoni ilikuwa inatafuta mhandisi wa kuisimamia njia hiyo mpya, naye alikuwa ametaja jina langu. Nisipotia, alisema, atanitakia heri, lakini ningelazimika kutafuta msimamizi mwingine, na yeye hakumjua ambaye angenichukua.

Niliomba siku moja. Nilimweleza baba jioni ile tukila. Alikuwa mtu wa mafaili, mtu aliyeona wengi wakidai haki na majalada yao yakifungiwa kabatini mpaka wakastaafu. Akasema, "Chukua cheti. Hicho angalau kitakuwa na jina lako."

Singependa kumsukumia baba lawama. Angeniambia nikatae, nahisi ningetafuta mtu mwingine wa kuniambia nikubali. Asubuhi nilirudi Muthangari nikatia sahihi. Yeye aliniazima kalamu, nami nikamshukuru. Hilo bado linaniudhi.

Kamati ilikuwa ikutane kesho yake saa nne. Ningeweza kumpigia simu yule mama, lakini niliona ni vibaya, nikaenda mwenyewe saa mbili. Nilimkuta amekwisha kufunga duka. Alikuwa amevaa sari nyeupe na koti, barua imo ndani ya bahasha, na mlangoni amebandika karatasi inayosema atarudi alasiri. Nikamwambia hakuna haja tena ya kwenda. Nikamweleza kwa nini, kwa maneno machache niwezavyo.

Hakunikaripia. Alifungua mlango, akawasha taa, akakaa nyuma ya kaunta.

"Kwa hivyo sasa imeandikwa," akasema, "kwamba siku ile hakuna mtu alilia hapa."

Nilichomoa ile kompyuta yangu chini ya kaunta kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Aliniambia niiache, wazee bado wanapiga simu. Nikaichomeka tena, nikatoka. Sikuingia tena katika duka lile. Nilipokuwa na shughuli Adams Arcade, nilipita upande wa pili wa barabara.

Nilipata shahada. Nilipata kazi ile mjini, ghorofa ya saba, na kwa miaka mitatu nilizunguka benki na ofisi za Westlands nikiweka mpangilio nilioutunga mwenyewe kwenye kiti cha plastiki. Katika vitabu vya maelekezo njia hiyo iliitwa kwa jina la msimamizi wangu. Wateja walipouliza inafanyaje kazi, nilieleza habari za zahanati, na wengine waliniambia kwamba wameshausikia mfano huo kutoka kwa mwenyewe.

Kisha nyaya za baharini zikafika. Laini zikanenepa, mitambo ikabadilishwa, na kijana mmoja wa idara yetu akafuta mpangilio ule kwenye mashine za wateja, mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa wiki mbili. Nilikuwa meza ya jirani nikimsikia akibonyeza. Saiba nyingi za Ngong Road zilifungwa, na hiyo ya Adams Arcade nayo. Niliambiwa yule mama alihamia Kanada kwa binti yake. Sikuwa na anwani yake, na hata ningekuwa nayo sijui ningeandika nini.

Msimamizi wangu nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, kwenye lango la jengo letu, siku alipokuja kuishauri kampuni juu ya jambo jingine. Alikuwa ameshapandishwa cheo. Aliwaambia aliofuatana nao kwamba huyu ni mwanafunzi wake, mmoja wa wazuri kabisa aliowahi kuwa nao, akanipa mkono.

"Habari za siku nyingi, Profesa," nikamwambia, nikamshikia mlango apite.