Zamu ya Mkia Kuliona Ziwa

Kunapambazuka. Kwenye kituo cha mwisho cha mafuta kabla ya milima, Mama Kona anapapasa matairi ya pikipiki za watu kwa kiganja kitupu. Anabonyeza, anaguna, anahamia inayofuata. Kwenye pikipiki nyekundu ya muuza mikate anasimama.

"Hili umelijaza kama puto. Kule juu kuna kokoto. Punguza upepo."

"Lakini fundi alisema liko sawa, mama."

"Fundi anakwenda nawe?"

Muuza mikate anachuchumaa na kupunguza.

Mama Kona hupanga safari za pikipiki za makundi, kupitia milimani hadi juu ya ziwa. Watu humlipa awachagulie njia, saa ya kuondoka, mahali pa kupumzika, na nani amfuate nani. Siku moja kabla ya safari huipita barabara yote peke yake, aone mvua imekula wapi.

Zamani alibeba abiria mjini, mwanamke pekee kijiweni. Siku moja mteja alimwomba ampeleke ziwani, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kufika.

"Nilipofika juu nikazima pikipiki. Mteja akadhani imeharibika," anasema. "Nilijiuliza, hivi mimi miaka yote hii napeleka watu sokoni na kuwarudisha, kumbe hiki kipo hapa?"

Jina lake limetokana na sheria yake. Kila penye njia panda, anayemfuata yeye kwa karibu husimama konani na kunyoosha mkono kuonyesha njia. Haondoki mpaka dereva wa mwisho kabisa afike.

"Hata ukibanwa na haja," anasema, "utabanwa hapo hapo."

Dereva huyo wa mwisho ni mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma. Wote humwita Mkia. Hampiti mtu yeyote. Akifika konani, aliyesimama hapo humtangulia, naye hubaki nyuma ya wote.

Miezi saba iliyopita, kona moja iliachwa. Daktari wa meno alikuwa amesimama njia panda ya mwisho, ile inayokata kwenda juu. Wingu likafunguka ghafla, naye akapanda mbio kupiga picha. Mkia alipofika hakukuta mtu. Wakati ule sheria ilisema pasipo mtu, nenda moja kwa moja. Akaenda. Moja kwa moja ni barabara ya zamani, na mvua ilikuwa imeibomoa. Alianguka, akavunjika mtulinga, mfupa wa begani.

Tangu siku hiyo Mama Kona hajapeleka kundi lolote. Alirudi kubeba abiria. Wengi walijitolea kukaa nyuma, akawakataa wote.

"Mtu wa nyuma anakula vumbi la watu wote na hasemi neno. Nampata wapi mwingine?"

Leo Mkia amerudi. Mfupa umeunga, lakini tangu aanguke hajatoka nje ya mji. Jana, akimenya viazi, alimwambia mkewe kwamba akishindwa kupita ile njia panda atauza pikipiki.

"Akaniambia nami nitafute kazi nyingine, maana ananijua, sitakwenda bila yeye," anasema Mama Kona. "Ni kweli."

Daktari wa meno naye amekuja. Anamsogelea Mama Kona, kofia ngumu mkononi.

"Naomba ile kona, mama."

"Wewe?"

"Mimi."

"Haya. Leo ukiiacha, nitakung'oa meno mimi."

Wanaondoka. Barabara inajizungusha mlimani kama kilemba. Bonde linazama chini yao hadi nyumba zinakuwa punje za mtama. Kila kona ina mtu wake, mkono umenyooka. Kwenye njia panda ya mwisho anabaki daktari wa meno, manyunyu yakimlowesha.

Karibu na ukingo unaotazama ziwa, barabara inaposhuka kidogo, Mama Kona anainua ngumi. Injini zote zinazimwa, pikipiki zinaserereka zenyewe.

"Nyumba ya watu unabisha hodi," huwaambia. "Huingii na honi."

Kwenye ukingo wanasimama, na wingu linapasuka.

Ziwa liko chini, mbali, pana kiasi kwamba jicho linatafuta ng'ambo na kuikosa. Upande mmoja mvua inalipiga, rangi yake kijivu kama risasi. Upande mwingine jua limelala juu ya maji. Katikati, kivuli cha mlima mzima kimejinyoosha na hakitikisiki. Hakuna anayetoa simu. Muuguzi mmoja anavua kofia yake polepole, kama aliyeingia mahali pa ibada.

"Hili lilikuwa hapa siku zote?" ananong'ona.

"Siku zote."

Mama Kona amejibu bila kugeuka. Yeye peke yake ameligeuzia ziwa mgongo. Anatazama barabara, sikio limetegwa.

Hakuna mlio wa injini. Wingu linaanza kurudi.

"Mama, geuka basi uone," anasema muuza mikate.

"Nimeshaliona."

Ziwa linafunikwa, kwanza jua, halafu mvua. Ndipo mlio unasikika chini. Injini mbili. Daktari wa meno anatokea, amelowa chapachapa. Nyuma yake, taratibu, Mkia.

Mama Kona anashusha pumzi. "Mlikuwa wapi?"

"Nilifika pale, mkono wangu ukagoma kwenye klachi," anasema Mkia. "Nikamwambia huyu atangulie. Akasema haondoki mpaka nifike. Nikamwambia, mbona nimefika? Akasema, bado. Tukatazamana kwenye mvua kama mbuzi wawili darajani. Mwisho nikaona aibu, nikatia gia."

Anakwenda ukingoni. Mbele yake ni weupe mtupu.

"Mmelimaliza?"

Watu wanacheka. Muuguzi anamwambia pole, bila shaka safari nyingine aliliona.

"Sijawahi. Miaka sita. Nikifika mimi huwa limeshafunikwa."

Kicheko kinakatika. Mama Kona anamgeukia mumewe.

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekwambia ili iweje? Watu walikuwa wamefika wote."

Baadaye, wengine wakifuta viti vya pikipiki vilivyolowa, Mama Kona anaulizwa mipango yake. Mwezi ujao kuna kundi jingine. Mkia ataongoza, yeye atakaa nyuma kabisa.

"Wewe?" Mkia anadakia. "Chai tu huwezi kuisubiri ipoe."

"Nitajifunza."

"Na wingu likifunga kabla hujafika?"

Mama Kona anafunga mkanda wa kofia chini ya kidevu.

"Basi utanisimulia," anasema.